UZI: Steelers wa Pittsburgh na vijana wa vyuo. Vya mbali waliviona, vya mlangoni vikawapita

Mleta Uzi

Wakuu, habari za Jumapili.

Juzi kuna mdau aliuliza humu hawa Wamarekani wanasajilije kwenye ule mpira wao wa mabega makubwa, maana hasikii habari za dau wala za wakala aliyepanda ndege usiku na mkataba kwapani kama tulivyozoea kwa Simba na Yanga. Nikaahidi uzi. Leo sina zamu, nashusha.

Mimi nipo Pittsburgh, Pennsylvania, huu mwaka wa saba, napiga kazi ghalani usiku. Mpira wenyewe nimefundishwa na mzee mmoja tunayepakia naye mizigo, shabiki wa Steelers tangu utoto, taulo lake la njano linaning'inia kiunoni hata siku za kazi. Kwa hiyo nitaongelea Steelers tu. Wenye timu nyingine mtanivumilia.

Kwanza utaratibu. Huku timu kubwa hazina akademi wala timu za vijana. Vijana wanalelewa na vyuo vikuu, na usifikirie bonanza zetu za vyuo zile za kugombea mbuzi. Uwanja wa Penn State, chuo tu hicho, unaingiza watu zaidi ya 106,000. Mkapa ujaze pomoni na bado utabaki na umati wa kujaza viwanja vingine. Kila mwaka mwezi wa nne timu 32 za ligi kuu yao, NFL, zinachagua vijana hao kwa zamu. Aliyeshika mkia msimu uliopita anaanza, bingwa anamalizia. Raundi 7. Ukishatajwa na timu, ndiyo yako hiyo. Kama hupendi baridi, shauri yako.

Wenyewe wanaita drafti.

Kijiwe Nongwa

Mkuu samahani, drafti ninayoijua mimi ni ile ya vifuniko vya soda chini ya mwembe. Ndiyo hiyo?

Mleta Uzi

Hahaha, siyo hiyo, ila hujakosea sana. Zamu ya kuchagua ni kama kete. Unaweza kuitoa ule nyingine, unaweza kutoa mbili upate moja ya juu. Na Steelers kwa miaka mingi walikuwa wale wachezaji wa kijiweni wanaoliwa kete tatu mfululizo huku wanapiga stori.

Klabu ilianzishwa na Art Rooney mwaka 1933. Ikakaa karibu miaka 40 bila kushinda hata mechi moja ya mtoano. Mwaka 1956 walipata bahati ya kuchagua wa kwanza nchi nzima. Wakamchukua Gary Glick, beki wa Colorado A&M, na inasimuliwa kwamba kilichowashawishi ni barua ya kocha wake. Barua! Mwaka uliofuata wakamchukua kotabeki Len Dawson, na timu iliyofuata kwenye foleni, Cleveland, ikajiokotea Jim Brown, ambaye wazee wa huku wengi watakuambia hajatokea mkimbiaji kama yeye. Dawson naye walimwachia, akaja kuwa mfalme Kansas City. Mwaka 1965 zamu yao, ya tatu nchi nzima, ilishauzwa kwa Chicago Bears. Bears wakaitumia kumchukua Dick Butkus.

Kwa wasiojua, kotabeki ndiye mrushaji mkuu. Timu nzima inapumua kupitia kwake. Shikeni hilo neno, litarudi.

Bi Mkubwa wa Tanga

Naweka mkeka hapa. Endelea mwanangu.

Mleta Uzi

Shikamoo Bi Mkubwa, karibu.

Januari 1969 wakaajiri kocha wa miaka 37, Chuck Noll. Kesho yake tu ikawa siku ya kuchagua. Mashabiki wanasubiri jina kubwa, Noll anamtaja Joe Greene kutoka North Texas State, mzuiaji ambaye mjini hapa hakuna aliyewahi kumsikia. Magazeti yakauliza "Joe nani?" Msimu huo timu ikashinda mechi 1, ikapoteza 13. Mngekuwa nyie mngeshaandamana mpaka makao makuu.

Kumbe kufungwa huko kulikuwa na neema yake. Wao na Bears walilingana kwa ubovu, sarafu ikarushwa kuamua nani achague wa kwanza mwaka 1970. Bears wakabashiri vibaya. Steelers wakamchukua kotabeki Terry Bradshaw wa Louisiana Tech. Raundi ya tatu wakamwongeza Mel Blount wa Southern. Mwaka 1971 Jack Ham, mwaka 1972 Franco Harris, wote wa Penn State hapo jirani.

Sasa mtu ninayetaka mumjue hakuwahi kuvaa jezi. Anaitwa Bill Nunn.

Nunn alikuwa mwandishi wa michezo wa Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani weusi lililosomwa nchi nzima. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuzunguka vyuo vya watu weusi kule Kusini na kila mwaka kutangaza kikosi bora cha vyuo hivyo. Makocha wote anawafahamu, akila chakula cha jioni anakula majumbani kwao. Timu nyingi za ligi zilikuwa hazitii mguu huko, au zinatuma mtu anapita mara moja kama mkaguzi wa mita. Nunn hakuficha kinyongo chake na klabu ya mji wake mwenyewe. Dan Rooney, mtoto wa mwenye timu, alipomuuliza tatizo nini akamjibu wazi. Rooney badala ya kununa akampa kazi ya skauti, yaani msaka vipaji.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. L.C. Greenwood, raundi ya 10 mwaka 1969, Arkansas AM&N. Blount niliyemtaja. Ernie Holmes, raundi ya 8 mwaka 1971, Texas Southern. Wote vyuo vya watu weusi. Raundi ya 8 na ya 10, wakuu. Siku hizi hizo raundi hazipo kabisa.

Mhenga Mwanafunzi

Mkuu nenda 1974 moja kwa moja. Nimesikia wanaisifia mno.

Mleta Uzi

Ndiko ninakoelekea.

Mwaka 1974 raundi zilikuwa 17. Steelers raundi ya kwanza wakamchukua mpokeaji, yaani mdakaji wa mipira ya kotabeki, Lynn Swann wa USC. Ya pili, Jack Lambert wa Kent State. Ya tatu hawakuwa na zamu, walishaiuza. Ya nne, namba 82, mpokeaji mwingine, John Stallworth wa Alabama A&M. Ya tano, Mike Webster wa Wisconsin, ambaye kila mtu alisema mdogo mno kucheza katikati ya mstari wa mbele. Wote wanne leo wana sanamu zao kwenye Jumba la Heshima kule Canton, Ohio. Hakuna timu nyingine iliyowahi kutoa wanne kwenye drafti moja. Na baada ya kuchagua kuisha, wakamsajili bure Donnie Shell wa South Carolina State ambaye timu zote zilimpita. Naye mwaka 2020 akachaguliwa kuingia Canton. Watano.

Hapa kwa Stallworth nitakaa kidogo.

Skauti wa timu kadhaa walikwenda pamoja Huntsville, Alabama, kumpima mbio. Majani yalikuwa yamelowa, kijana akateleza teleza, muda ukatoka mbovu. Wenzake wakaandika namba kwenye daftari, wakafunga safari ya chuo kinachofuata. Nunn akasema hajisikii vizuri, nyie tangulieni. Kesho yake akaamka mzima wa afya, akamchukua kijana, akatafuta sehemu kavu, akampima upya. Muda tofauti kabisa. Inasimuliwa pia kwamba mkanda wa mechi za Stallworth uliotakiwa kuzungushwa kwa timu nyingine ulipofika mikononi mwa Nunn ukasahau njia ya kutoka.

Noll alipomwona kwenye mkanda akataka amchukue raundi ya kwanza kabisa. Nunn na Art Rooney mdogo, ndugu yake Dan, wakamzuia: wengine hawamjui huyu, chukua Swann kwanza, Stallworth tutamkuta. Hebu fikiri presha hiyo. Zamu 60 zinapita kati ya Swann na Stallworth, kila jina linalotajwa unashika roho.

Na Lambert: inasimuliwa kuwa siku skauti alipokwenda Kent State uwanja ulikuwa tope, kocha akahamishia mazoezi kwenye maegesho ya magari, kokoto tupu. Mazoezi ya kutembea tembea tu. Lambert akaruka mzima mzima kumkamata mwenzake, akainuka, akawa anachomoa kokoto kwenye ngozi huku anarudi kwenye nafasi yake. Skauti hakuhitaji stopuwachi.

Januari 1975 wakachukua ubingwa wao wa kwanza, 16-6 dhidi ya Minnesota. Ndani ya misimu 6 wakawa na makombe 4.

Kijiwe Nongwa

Hiyo 1974 ni bahati kama bahati nyingine. Ukirusha nyavu mara 50 siku moja utapata changu.

Mleta Uzi

Mkuu, bahati ni ile sarafu ya Bradshaw, hapo sikubishii. Ila Stallworth? Mtu kalala gesti siku ya ziada kwa homa ya uongo ili ampime kijana pakavu. Kama hiyo ni bahati basi na mvuvi anayejua mwamba ulipo ana bahati.

Ila nakupa nusu ya hoja: Steelers wenyewe hawajawahi kurudia. Na si kwamba wamepumbaa. Kilichokufa ni siri. Siku hizi kila kijana anayejulikana anaitwa Indianapolis, anapimwa mbio, kimo, mpaka upana wa kiganja, mbele ya timu zote 32 kwa mpigo, na televisheni inaonyesha. Raundi zimebaki 7 tangu mwaka 1994. Huwezi kuficha mkanda wakati kila mechi ipo kwenye simu.

Nunn alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 89, akiwa bado anaifanyia kazi klabu. Canton wakamkumbuka 2021. Wamechelewa, kama kawaida ya watoa tuzo.

Mhenga Mwanafunzi

Huyo Webster si ndiye yule wa kesi ya ubongo?

Mleta Uzi

Ndiye. Baada ya kustaafu akachanganyikiwa, kuna wakati alikuwa analala kwenye gari. Alifariki mwaka 2002, miaka 50 tu. Aliyeuchunguza ubongo wake alikuwa daktari Mnigeria aliyekuwa akifanya kazi hapa hapa Pittsburgh, Bennet Omalu. Akakuta madhara ya kugongwa kichwa miaka nenda rudi, na ligi ikahangaika sana kukana. Mzee wangu wa ghalani ukimtajia Webster anabadilisha mada, na mimi nimejifunza kutomtajia.

Kijana wa Kericho

Mabwana, mimi niko hapa Columbus, Ohio, na kwa makosa yangu mwenyewe nilichagua kushabikia Browns wa Cleveland. Hebu wacha kutuonyesha vizuri pekee yake. Toa na aibu zenu, hata sisi tupumue.

Mleta Uzi

Pole sana ndugu, wewe unastahili kupumua. Aibu zipo, na kubwa yao ina anwani.

Dan Marino alizaliwa Pittsburgh, akasoma sekondari Pittsburgh, akacheza Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Kotabeki. Mwaka 1983 Steelers wana zamu ya 21. Bradshaw kiwiko kimekwisha, mwaka huo alikuja kucheza mechi moja tu. Marino msimu wake wa mwisho chuoni haukuwa mzuri, na maneno ya pembeni yakawa mengi. Wengine wanampita, anateremka, anateremka, anafika mikononi mwa timu ya nyumbani kwao. Steelers wakamchukua mzuiaji Gabe Rivera wa Texas Tech. Miami wakamchukua Marino namba 27, na mwaka wake wa pili tu akarusha yadi 5,084, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 25.

Rivera hata msimu hakumaliza. Oktoba hiyo hiyo alipata ajali ya gari akiwa amelewa, akapooza miguu. Kwa hiyo si kwamba walikosea tu, walikosea na msiba juu.

Nilimuuliza mzee, ilikuwaje siku ile? Akaweka boksi chini, akavua glovu moja moja, akasema: "Nyumba yao unaweza kwenda kwa miguu." Akavaa glovu, akaendelea kupakia.

Steelers wakatafuta kotabeki wa kudumu kwa miaka 20. Hao waliopita katikati siwataji, tutamaliza Jumapili.

Mwaka 2004, zamu ya 11, maskauti wengi chumbani walikuwa wanaelekea kwa mchezaji wa mstari wa mbele. Dan Rooney, sasa mzee mwenye timu, aliandika mwenyewe baadaye kwamba hakuwa tayari kumpitisha tena kotabeki mkubwa kama walivyompitisha Marino, akasukuma mazungumzo. Wakamchukua Ben Roethlisberger wa Chuo Kikuu cha Miami. Siyo ile Miami ya bahari na minazi. Hii ipo Oxford, Ohio, katikati ya mashamba ya mahindi. Msimu wake wa kwanza akaanza mechi 13 za ligi, akashinda zote 13. Makombe mawili.

Kijana wa Kericho

Makombe mawili na sisi tulikuwa tunampiga picha tu akipita. Endelea kunitesa.

Mleta Uzi

Usijali, kuna la kukufurahisha. Roethlisberger alistaafu baada ya msimu wa 2021. Drafti ya 2022, Steelers wana zamu ya 20, na yupo kotabeki wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Kenny Pickett. Chuo na Steelers wanatumia uwanja mmoja, na hata jengo la mazoezi ni moja. Asubuhi ukichungulia dirishani unamwona. Viganja vyake vilipimwa vikaonekana vidogo kuliko kawaida ya kotabeki, mjadala ukawa mrefu kuliko mahubiri. Wakamchukua. Mji ukalia kwa furaha, kwamba deni la Marino limelipwa.

Machi 2024 wakamuuza Philadelphia.

Ndiyo maana nikaupa uzi kichwa kile. Alabama, Louisiana, Texas huko waliona kwa darubini. Ila kotabeki wa mtaani kwao, mara wanampita kwa kumdharau, mara wanamchukua kwa majuto. Ham na Harris walitoka chuo cha jirani wakafaulu, nakubali, lakini hao hawakuwa makotabeki, na hakuna aliyewachukua kwa kulipa deni la mtu.

Bi Mkubwa wa Tanga

Mwanangu, na wa kwetu huku Afrika Mashariki hakuna hata mmoja aliyeitwa?

Mleta Uzi

Kwa Steelers sina wa kukutajia, ila New York Giants mwaka 2006 raundi ya kwanza walimchukua Mathias Kiwanuka wa Boston College. Jina unalitambua. Ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, yule aliyeuawa wakati wa Amin akiwa jaji mkuu. Mathias alizaliwa huku huku Indianapolis, akacheza Giants mpaka mwisho wa safari yake.

Mhenga Mwanafunzi

Na hizi za karibuni? Skauti wao bado wana jicho?

Mleta Uzi

Kwa wapokeaji, jicho lipo. Mike Wallace raundi ya 3 mwaka 2009. Antonio Brown namba 195, raundi ya 6 mwaka 2010, wa Central Michigan. Kwa misimu kadhaa hapakuwa na mpokeaji wa kumkaribia, kabla mambo yake mengine hayajaharibika. Na upande wa ulinzi, T.J. Watt walimpata namba 30 mwaka 2017, na hiyo ni wizi wa mchana.

Kwa mabeki wa pembeni msiniulize. Senquez Golson, raundi ya 2 mwaka 2015, hakucheza hata mechi moja ya ligi, majeraha tu. Artie Burns mwaka 2016, tuache. Hata kwa walinzi wa katikati, mwaka 2019 walitoa kete kibao wapande mpaka namba 10 wamchukue Devin Bush, goti likaenda mwaka uliofuata, hakurudi yule. Kwa mabeki wa pembeni, kidogo 2023 walivuta pumzi kwa Joey Porter mdogo, ambaye baba yake walimchukua wao wenyewe mwaka 1999.

Kijiwe Nongwa

Haya, nimekubali homa ya uongo siyo bahati. Ila niambie, kumkosa Marino ndiyo kosa lao kubwa kuliko yote?

Mleta Uzi

Mzee anasema hapana.

Mwaka 1955, raundi ya 9, walimchagua kijana wa hapa hapa, Johnny Unitas. Kotabeki tena. Alicheza Chuo Kikuu cha Louisville baada ya vyuo vikubwa kumwona mwembamba. Kambini Steelers hawakumpa hata dakika moja ya mechi za maandalizi, wakamwambia aende zake. Walimwona hana akili ya kutosha kuongoza timu. Inasimuliwa alirudi nyumbani kwa lifti za barabarani, na mke mjamzito anamsubiri. Akapata kibarua cha ujenzi, jioni anacheza na timu ya mtaani, Bloomfield Rams, kwa dola 6 za Kimarekani kwa mechi. Uwanja ukiwa hauna majani, wanamwaga mafuta kutuliza vumbi.

Mwaka uliofuata Baltimore Colts wakampigia simu. Mwaka 1958 na 1959 akawapa ubingwa. Kuna watu mpaka leo wanamhesabu ndiye kotabeki wa kwanza wa kisasa.

Bloomfield ipo pale pale. Basi langu la usiku linapita Liberty Avenue, vibaraza vya matofali, pizza, kinyozi. Kuna mama mmoja huwa anapandia hapo na mfuko wa nguo za kufulia. Kutoka hapo mpaka uwanja wa Steelers hata usingizi haujakukolea umefika.

Haya wakuu, kesho nina zamu. Maswali yaacheni hapa, nitajibu saa za mapumziko.